Mdomo umepinda ghafla: angalia saa, afu tafuta gari

Ami yangu alipata kiharusi barazani Ngamiani, Tanga mjini, kwenye kahawa, muda mfupi baada ya swala ya alasiri, na wala hakuanguka. Hapo ndo wengi tunapokosea, tunasubiri mtu aanguke puu kama gunia la mkaa ndo tuseme kiharusi. Ami alikuwa kakaa zake kwenye benchi, kikombe mkono wa kulia, anabishana habari za mpira, mara kikombe kikaanza kulala polepole mpaka kahawa ya moto ikamwagikia mapajani, na yeye anaitazama tu kama imemwagikia kanzu ya mtu mwingine. Wenzie wakacheka. Mmoja akamwambia mzee leo kahawa imekulewesha. Aliyeshtuka ni kijana muuza kahawa, maana yeye alikuwa kamwinamia kwa mbele anataka kumjazia, akasema babu mbona mdomo umehamia upande.

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Mi ni nesi, wagonjwa wa kupooza nawaona wodini kila siku, na siku ile nilikuwa kazini Muheza, na katika ukoo mzima niliyepigiwa simu wa mwisho ni mimi. Kabla yangu alipigiwa shehe, akaja na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani safi kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji, wakamnywesha, akapaliwa akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kabla yangu jirani alileta mashine yake ya presha ikasoma 198 kwa 104, akaona hii balaa, akatoa kidonge chake mwenyewe akampa. Kabla yangu walishampeleka zahanati moja ya jirani wakatundikiwa dripu na kuambiwa mwacheni apumzike kwanza. Tunafika hospitali yenye kipimo cha kichwa ni saa tatu kasorobo usiku, na ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu mwisho wake ni masaa 4 na nusu toka dalili zianze, we piga hesabu mwenyewe, saa kumi na nusu ongeza masaa manne na nusu ni saa tatu kamili. Robo saa haitoshi hata kumvua kanzu na kumpiga picha.

Simlaumu mtu, kila mmoja alifanya lile analolijua kwa mapenzi yake. Ila nataka mjue na hili langu.

KICHWANI KUNATOKEA NINI

Kiharusi kiko namna mbili. Kuna cha mshipa kuziba, bonge la damu linakaa kwenye mshipa wa ubongo na sehemu ya mbele yake inakosa damu. Na kuna cha mshipa kupasuka, damu inavujia ndani ya ubongo wenyewe. Cha kuziba ndo kingi zaidi duniani, lakini huku kwetu Afrika hicho cha kupasuka tunakiona sana kuliko wanavyokiona Ulaya, na sababu kubwa ni presha isiyotibiwa. Sasa shida ni kwamba kwa nje vyote viwili vinafanana, mdomo ni uleule na mkono ni uleule, na hamna daktari wala nesi wala mganga anayeweza kukutofautishia kwa macho. Mpaka CT scan, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa. Shikilia hili maana nitalirudia kwenye aspirini.

Kwa kile cha kuziba, wataalamu walishakadiria kwamba kwenye kiharusi kikubwa ubongo unapoteza seli kama milioni 1.9 kila dakika moja. Kila dakika. Muda wa kumtuma mtoto dukani akanunue vocha ili mpige simu, zimeshakwenda seli milioni kadhaa.

KUMTAMBUA

Neno la kushika ni GHAFLA. Mkono unaokufa ganzi kidogo kidogo kwa miezi ni habari nyingine, nenda kliniki kwa nafasi yako. Kiharusi kinakuja kwa dakika, saa ile alikuwa mzima na saa hii hayuko sawa.

Mkalishe mbele yako kwenye mwanga. Mwambie aonyeshe meno, usimwambie cheka, mtu aliyeshtuka hacheki, mwambie nionyeshe meno. Angalia kama pembe zote mbili za mdomo zinapanda sawasawa, upande mmoja ukibaki umelala, hiyo moja. Afu mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vijuu kama anaomba dua, afumbe macho, wewe uhesabu mpaka kumi taratibu. Mkono mmoja ukishuka wenyewe au ukajigeuza kiganja chini, hiyo mbili. Na kuna wengine mkono haushuki ila mguu ndo unaburuta, kwa hiyo na miguu mjaribu, ainue mmoja mmoja.

La tatu ni maneno, na hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndo nyumbani kwetu walidanganyika. Walimwambia ami soma Alhamdu, na ami akaisoma, mwanzo mpaka mwisho, ulimi mzito kidogo lakini aya zote zipo. Wakafurahi, wakasema akili ipo, huyu kachoka tu. Jamani, vitu mtu alivyovikariri toka mtoto, sura za swala, kuhesabu moja mpaka kumi, siku za wiki, wimbo wa shule, hivyo vinaweza kubaki salama hata kama sehemu ya ubongo inayotengeneza maneno imeshapigwa. Msimpime kwa kusoma alichokikariri. Mpime kwa kitu kipya, mwonyeshe funguo umuulize hii nini, mwonyeshe saa, mwonyeshe mjukuu umuulize huyu nani, au mwambie arudie sentensi uliyoitunga sasa hivi kama "jana mvua ilinyesha Pangani nguo zangu zikalowa". Akikosa jina la kitu anachokijua, au akatoa neno lisilohusika, au akakutazama tu, au maneno yanatoka kama ana kiazi mdomoni, bas. Ami aliambiwa hii nini, ni funguo za pikipiki, akasema "ya kule, ya kule". Hiyo ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

Moja tu kati ya hizo inatosha, usisubiri zitimie tatu. Na kuna nyingine watu huwa hawazijui kabisa: jicho kutoona ghafla au kuona vitu viwiliviwili, kukosa nusu ya sahani (unamwekea chakula anakula cha upande mmoja tu na cha upande wa pili hakioni), kupepesuka ghafla hawezi kusimama wala kutembea moja kwa moja, kutapika na kizunguzungu kikali pamoja na hayo, na kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu ambazo hajawahi kuzisikia maishani, kama kapigwa nyundo. Hicho cha nyundo kinaweza kuwa ni cha kupasuka.

Mtaniuliza na ile ya uso kupinda peke yake, wengine husema kapigwa na upepo. Ipo kweli, ni mshipa wa fahamu wa uso, na hiyo mara nyingi hata paji la uso halikunji na jicho la upande ule halifumbi, wakati kwenye kiharusi kwa kawaida paji linabaki linakunja. Lakini usikae nyumbani ukawa daktari wa mapaji ya uso, mpeleke, akiambiwa ni upepo mtarudi na mnacheka.

ANGALIA SAA

Ukishaona dalili, kabla ya kelele, tazama saa. Andika, hata kwenye kiganja. Hospitali swali la kwanza la mtu anayejua kazi yake ni "mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi", na majibu tunayopewa ni "leo asubuhi", "tokea mchana hivi". Hayo hayatusaidii, yaani dawa inaweza kunyimwa mtu kwa sababu hakuna anayejua muda.

Kama hukutazama saa, tafuta kitu cha kushikilia. Sisi watu wa pwani tuna bahati, adhana mara tano kwa siku. Aliswali adhuhuri msikitini na alitoka anatembea mwenyewe? Alimpigia mtu simu? Fungua simu yake, muda wa simu ya mwisho upo, mpigie huyo mtu muulize alikuwa anaongea vizuri. Na kama kaamka nayo, muda hauanzi alipoamka, unaanzia mara ya mwisho alipoonekana mzima, kwa hiyo kama aliamka alfajiri akaenda msalani sawasawa halafu akarudi kulala, sema alfajiri, hiyo inaweza kuokoa masaa sita.

Afu hili dogo lakini limeshaleta vurugu mbele ya macho yangu: we unasema saa tatu, mwandishi wa faili anaandika 3:00, mwingine akija anasoma saa tisa. Taja na wakati wa siku. Saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri. Na uhakikishe walivyoandika.

MSIMPE KITU

Hamna maji, hamna chai ya sukari "apate nguvu", hamna uji, hamna kidonge. Koo nalo linapooza. Mgonjwa anaweza kukusemesha vizuri tu na maji yakampitia njia ya hewa bila hata kukohoa, afu siku ya tatu homa, kifua kinakoroma, nimonia. Ami nimonia ilimkamata siku ya tatu, na mimi moyoni najua ni lile kombe.

Sasa wazee wangu msinielewe vibaya. Sijasema msisome. Someni, tena kwa sauti, lakini mkiwa ndani ya gari, na sahani ya kombe iwekeni juu ya kabati, akishapimwa kumeza wodini na kuruhusiwa atakunywa. Shehe mwenyewe nilipomwambia habari ya koo alinisikiliza, akasema hakuna aliyewahi kumweleza, na siku hizi akiitwa kwa mtu aliyepinda mdomo anauliza kwanza gari iko wapi.

Kidonge cha presha ndo kabisa. Najua inatisha kuona 200 kwenye mashine, lakini fikiria bomba la mtaani limeziba nusu, maji yanayofika nyumba ya mwisho yanafika kwa sababu kule mwanzo msukumo ni mkubwa. Ukipunguza msukumo, nyumba ya mwisho inakauka. Pembeni ya ile sehemu ya ubongo iliyokufa kuna eneo limezimia tu, bado linaweza kuamka, linaishi kwa msukumo huohuo. Ukimshusha presha kwa pupa unaliua. Hospitali kwa cha kuziba, kama hapewi dawa ya kuyeyusha, mara nyingi hawaigusi presha mpaka ipite 220 kwa 120, na wale watakaopewa hiyo dawa wanashushwa taratibu mpaka chini ya 185 kwa 110. Cha kupasuka hesabu yake nyingine, kule wanaishusha mapema, namba ya juu ielekee 140. Sasa wewe jirani na mashine yako ya mkononi unajua huyu ni yupi? Zile nifedipini za kutoboa na kudondoshea chini ya ulimi ndo usiziguse kabisa, zinashusha kama ndoo ya kisimani iliyokatika kamba.

Aspirini hivyohivyo. Ni dawa nzuri na atapewa, kwa kawaida mpaka miligramu 300, lakini baada ya CT scan kuonyesha hamna damu iliyovuja. Kumpa nyumbani ni kucheza kamari.

Afu ile meseji inayozunguka WhatsApp miaka nenda rudi, eti mtoboe vidole vyote kumi kwa sindano damu itoke na masikio uyavute. Uongo mtupu. Haijafungua mshipa wa mtu. Hijama (kuumikwa) nayo siyo ya saa hii, kumkata mtu ambaye huenda dakika arobaini zijazo atapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ni hatari.

Kitu kimoja cha kupima nyumbani kama mnacho ni sukari, hasa kama ni mtu wa sukari anayetumia dawa au insulini. Sukari ikishuka sana inaiga kiharusi kila kitu, mpaka mkono kulegea. Ikiwa chini ya 4 (kwa mashine ya mmol/L) hiyo ndo sababu pekee ya kusimama njiani, kituo chochote cha karibu chenye dripu ya glukosi kitampa mshipani na wengine wanaamka hapohapo. Kingine chochote msisimame.

GARI

Sijakutajia ambulensi kwa makusudi. Kama unayo namba inayopokelewa, piga, ila wakati unapiga mtu mwingine awe ameshasimamisha gari. Bodaboda hapana, najua ndo ziko karibu, lakini kumweka mgonjwa katikati mshikaki, shingo imelegea, mguu mmoja unaburuzwa barabarani, hapana. Bajaji inafaa, alazwe kiubavu kiti cha nyuma kichwa mapajani kwa mtu. Akiwa macho na anajimudu mnyanyulie kichwa na mabega kwa mto. Akiwa kalala usingizi mzito au anatapika mlaze ubavu, mdomo uelekee chini matapishi yatoke. Meno ya bandia toa. Vifungo vya shingo, mtandio, buibui, legeza. Mkono uliolegea uwekeni juu ya tumbo lake, msimvute kwa huo mkono, bega linachomoka, nimeliona mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Aende nani? Yule aliyemwona inaanza. Kwa ami aliyetakiwa kuingia kwenye gari ni kijana wa kahawa, sio mimi wala watoto wake. Kama hawezi basi namba yake ya simu iende. Bebeni dawa ZOTE anazotumia, na za miti shamba, tia kwenye mfuko mmoja wala msichague, na kama anatumia dawa ya kulainisha damu kama warfarini hilo liseme mlangoni kabla ya salamu. Kadi ya kliniki, kadi ya bima, hela, chaja.

Wapi? Kwa Tanga mjini rufaa ya mkoa ni Bombo. Miaka ya nyuma mgonjwa wa picha ya kichwa alikuwa anasafirishwa Dar au Moshi, kilomita mia tatu na kitu, siku hizi hospitali za rufaa za mikoa nyingi zimewekewa CT scan. Lakini mashine ni mashine, kwa hiyo mtu mmoja apige simu mkiwa njiani aulize maneno mawili, CT inafanya kazi usiku huu, mtu wa kuisoma yupo. Hata zahanati ya jirani ina watu wazuri, sio dharau, ila kiharusi hakitibiki kwa dripu ya maji na kupumzika, zahanati iwe ya kupita sio ya kulala. Na ninyi wa Pangani ng'ambo ya mto kule Bweni, au wa vijiji vya Muheza huko milimani, ninyi hamna dakika ya kujadiliana kabisa, safari yenu ndefu inameza muda wote. Kaeni leo muulizane dereva nani analala na gari kijijini.

MLANGONI NA WODINI

Mkifika usianze hadithi toka asubuhi alikula nini. Sema hivi: "Huyu tunadhani ni kiharusi, alikuwa mzima saa kumi na nusu jioni, mkono wa kulia na maneno vimekwenda, hajapewa kitu mdomoni." Bas. Sentensi hiyo inawakimbiza watu. Ukiachwa kwenye foleni, kwa heshima lakini kwa sauti, irudie.

Wataangalia njia ya hewa, wapime sukari, presha, oksijeni (wanampa kama iko chini ya asilimia 94), watamchukua damu, kipimo cha moyo, afu CT scan. Kama ni cha kuziba na muda bado upo, dawa ya kuyeyusha inaitwa alteplase, kipimo chake kinafuata uzito, sehemu ya kumi inaingia kwa mkupuo na iliyobaki inaingia kwa saa moja. Niseme kweli, hapa kwetu haipo kila hospitali na bei yake siyo ya kitoto. Na ina hatari yake, katika utafiti wa Marekani wa 1995 uliofungua njia ya hii dawa, kama watu 6 kwenye kila 100 walivuja damu kichwani na hali zikawa mbaya, japo kwa ujumla waliopewa walipona vizuri zaidi kuliko wasiopewa. Daktari akikueleza hayo usikasirike ukasema anakutisha, anakuomba ridhaa. Kuna na njia ya kuingiza waya kupitia mshipa wa paja mpaka kichwani kulivuta bonge, inafanyika ndani ya masaa 6 na kwa wachache waliochaguliwa kwa picha mpaka masaa 24, hiyo ni ya vituo vikubwa vyenye mitambo. Na cha kupasuka wengine wanahitaji upasuaji, huko ndo unasikia rufaa ya MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar.

Dawa isipokuwepo au muda ukiwa umepita msikate tamaa mkambeba kurudi nyumbani "tukatafute njia nyingine". Kazi ya wodini yenyewe inaokoa. Asilishwe mpaka apimwe kumeza, anakaa wima, kijiko kimoja cha chai cha maji, tunasikiliza kikohozi na sauti kama imelowa, akishindwa anawekewa mpira wa puani. Mnaoingia na chupa ya uji kwa kujificha wakati wa kuona wagonjwa, ninawajua, na ninawaomba. Homa ishushwe, sukari isipande. Ageuzwe kila masaa mawili asipate vidonda vya mgongo, na hapo ndugu mna kazi kweli maana manesi usiku tuko wawili kwa wodi nzima. Mazoezi yanaanza mapema, kwa kawaida siku ya pili akiwa ametulia, hayangoji atoke.

Kuchua na mafuta taratibu sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni maji ya moto. Upande uliopooza mara nyingi hausikii moto, kumbukeni ami na ile kahawa, mtu anakandwa na maji yanayochemka na majani na anatulia kimya, mnadhani anasikia raha, kesho ngozi imevimba malengelenge. Pimeni maji kwa mkono wenu ninyi.

IKIPITA YENYEWE

Kuna inayokuja dakika kumi au nusu saa afu inaondoka, mkono unarudi, maneno yanarudi. Usiseme alhamdulillahi imepita ukaingia jikoni. Hiyo ni kengele. Wasipotibiwa, karibu mmoja kati ya kumi anapata kiharusi kamili ndani ya miezi mitatu, na nusu ya hao ni ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku hiyohiyo hospitali.

Na siyo ya wazee peke yao. Mtoto mwenye selimundu (sickle cell) akiamka mkono mmoja haubebi kikombe, ni kiharusi hichohicho, mbio zilezile, na mlangoni utaje selimundu kwanza maana tiba yake ni tofauti, wao wanaongezewa damu.

Ya presha mmeshaambiwa sana, nitasema moja tu. Ami alikuwa kaacha amlodipini miezi minne kwa sababu "najisikia vizuri". Anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa! Presha ya 140 kwa 90 na kwenda juu haiumi, haiwashi, haikupi taarifa. Na papa wa chumvi na ng'onda tunavyovipenda, shirika la afya duniani linasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, kipande kimoja cha papa kinakaribia kuimaliza kabla hujatia ya kwenye wali.

Ami sasa ana miezi minane toka siku ile. Anatembea na mkongojo, maneno mengi yamerudi ila mengine yanabadilishana viti, kashata anaiita sabuni. Kitu kilichotushinda zaidi ya mazoezi ilikuwa kula. Mkono wa kulia haufiki mdomoni na wa kushoto hataki, toka mtoto kafundishwa kushoto hakuliwi, akawa anakaza meno, wiki mbili analishwa na mke wake na kilo zinapungua, tukadhani ni huzuni, na huzuni nayo ilikuwepo. Mtu wa mazoezi akaongea mpaka akachoka. Mwisho akaja yule yule shehe wa kombe, akakaa naye mkekani, akamwambia huu ni udhuru, mwenye udhuru hana lawama. Ami akanyoosha mkono wa kushoto akachukua andazi, akatutazama wote mmoja mmoja kuona nani atasema kitu, afu akala.